Hedifoni za Bei Kubwa: Mwongozo Kamili wa Mwezi wa Kwanza kwa Anayeanza

Swali ni lilelile, waulizaji ndio wanaobadilika. Mtu amejibana, amenunua hedifoni za bei ya kodi ya nyumba, amezichomeka kwenye simu na kuweka wimbo anaoupenda. Kisha anauliza: mbona sauti ni ndogo? Besi imekwenda wapi? Mbona zile za bei rahisi zilikuwa na mdundo zaidi?

Karibu kila mara hedifoni ni nzima. Kilichokosekana ni mpangilio, pamoja na muda wa sikio kuzoea. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kosa la hatua ya 2 huonekana kama ubovu ukifika hatua ya 6.

Ninazozizungumzia ni hedifoni kubwa za waya zinazofunika sikio zima: Sennheiser HD 600 na HD 650, Beyerdynamic DT 990 Pro, HiFiMAN Sundara na za aina hiyo. Mwenye hedifoni zisizo na waya atafaidika na mengi ya hapa, ila aruke hatua ya nguvu, maana amplifaya yake iko humohumo ndani.

## Tegemea nini

Hedifoni nyingi za bei nafuu hupandishwa besi makusudi, ili zimvutie mteja pale dukani ndani ya dakika moja. Hedifoni za kusikilizia kwa makini hulenga usawa. HD 600, iliyoingia sokoni 1997 na bado inauzwa, sifa yake kubwa ni sauti za kati: mwimbaji, gitaa, fidla. Besi ya chini kabisa inafifia, na ndivyo zilivyo aina nyingi za mgongo wazi (vikombe vyake vina matundu nyuma) zenye utando wa kawaida, yaani ile ngozi nyembamba ya ndani inayotoa sauti. Kama raha yako ni kifua kutikisika, hizi si zako, na hakuna aibu. Tafuta aina nyingine kabla hujafungua boksi.

Usitegemee pia kwamba ukilipa mara tano utasikia mara tano. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya hedifoni 283 na hakupata uhusiano kati ya bei na mwitikio wa masafa, yaani namna hedifoni inavyogawa besi, sauti za kati na sauti kali. Pesa yako inaweza kununua vitu vingine vya kweli: kushoto na kulia kulingana sawasawa, sauti isiyochafuka, mito ya masikio isiyoumiza, na vipuri. Kwenye HD 600 mito na waya hubadilishwa kwa mkono, bila fundi.

## Vitu vya kuandaa

- Hedifoni zenyewe na adapta ya jeki, kutoka milimita 6.35 kwenda 3.5.
- Amplifaya ya hedifoni yenye kigeuzi ndani, kile kinachogeuza faili ya kidijitali kuwa sauti (wapenzi wa vifaa hivi hukiita DAC), au walau adapta ndogo nzuri ya USB-C.
- Nyimbo kumi hivi unazozijua kwa moyo, ziwe faili za FLAC (zinazotunza sauti yote bila kupoteza kitu) au huduma inayotoa sauti ya namna hiyo.
- Hedifoni zako za zamani. Usizigawe bado, zina kazi.
- Daftari na kalamu.
- Chumba kimya. Hedifoni za mgongo wazi hazizuii kelele yoyote. Feni, jenereta na bodaboda vyote vinaingia, na wenzako nao watasikia unachosikiliza.

Kama hukununua kwa wakala, fanya kipimo kimoja kabla ya yote. Mpelekee fundi simu mwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme), apime ukinzani, yaani namna hedifoni inavyozuia umeme, kati ya ncha ya jeki na shina lake. Hedifoni iliyoandikwa omu 300 inapaswa kusoma karibu na hapo. Ikisoma thelathini na kitu, hiyo si yenyewe. Irudishe siku hiyohiyo.

## Hatua ya 1: Zivae sawasawa

Hatua hii hudharauliwa, nayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya besi. Mto ukiacha upenyo, besi hutorokea hapo. Fimbo za miwani, misuko minene na mikunjo ya hijabu vyote huacha upenyo.

Weka wimbo wenye besi, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiruka juu, kuna upenyo. Sogeza nywele nyuma ya mto, vaa miwani yenye fimbo nyembamba, au tumia kitambaa chepesi cha tabaka moja unaposikiliza. Rekebisha pia urefu wa bendi, sikio likae katikati ya kikombe, lisigusane na kitu ndani.

HD 600 na HD 650 zikiwa mpya hubana kichwa kweli. Zivalishe kwenye rundo la vitabu lenye upana uliozidi kichwa chako kidogo tu, zilale hivyo usiku. Usizipanue kwa mikono. Bendi ya plastiki ikipasuka haiungiki vizuri.

Umefanikiwa ukiona: unabonyeza vikombe na besi inabadilika kidogo sana, na taya haichoki ukishasikiliza kwa saa nzima.

## Hatua ya 2: Zipe nguvu inayozitosha

Hapa ndipo wengi hukwama, na kinachowakwamisha ni kutazama omu peke yake.

Omu ni kipimo cha ukinzani. Omu nyingi zinahitaji volti nyingi, na simu haina volti nyingi za kutoa. Lakini kuna namba ya pili yenye uzito uleule: unyeti, yaani hedifoni inatoa desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) ikipewa miliwati moja. HD 600 ina omu 300 na unyeti wa takriban desibeli 97. HiFiMAN HE-6 ina omu 50 tu, na mgeni atadhani ni nyepesi. Unyeti wake ni desibeli 83.5. Tofauti hiyo ya desibeli 13.5 maana yake HE-6 inadai nguvu mara zaidi ya 20 ili ifike sauti ileile. Soma namba zote mbili kabla ya kununua amplifaya, na kabla ya kununua hedifoni zenyewe pia.

Je, ni lazima amplifaya ya mezani? Kwa HD 600, adapta inayotoa volti 1 huwafikisha wengi kwenye sauti ya kutosha kwa muziki wa kawaida. Itakapokosa nafasi ni kwenye rekodi tulivu zenye miruko mikubwa, kama okestra au taarabu iliyorekodiwa moja kwa moja ukumbini. Ushauri wangu kwa anayeanza: anza na adapta nzuri, pesa iliyobaki itunze. Hutaijua tofauti ya amplifaya ghali mpaka sikio lifike hatua ya 6.

Zingatia haya matatu:

Baadhi ya adapta hutoa sauti hafifu zikichomekwa kwenye simu za Android hata ukipandisha mpaka mwisho, kwa sababu simu haigusi kidhibiti cha sauti kilichomo ndani ya adapta. Programu ya USB Audio Player PRO hukifikia. Jaribu hilo kabla ya kuilaumu hedifoni.

Amplifaya nyingi zina swichi ya nguvu, ya chini na ya juu. Anza na ya chini siku zote. Ukichomeka hedifoni nyeti kwenye nguvu ya juu na kitufe kikiwa kimepandishwa, unaweza kuumiza sikio kwa sekunde moja.

Angalia ukinzani wa tundu la amplifaya. Kanuni inayotumika ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni. Ukizidi, HD 600 huvimba besi, na wewe utadhani ndiyo sauti yake.

Kuhusu waya ghali nasema kwa ufupi: waya uliotoka kwenye boksi unatosha.

Umefanikiwa ukiona: kwa kitufe cha sauti kikiwa katikati au zaidi kidogo unasikia vizuri, bila mlio wa hewa wala mgurumo wa umeme wimbo ukisimama. Mgurumo ukiwepo kompyuta ikiwa kwenye chaji na ukatoweka ukiichomoa, tatizo ni umeme wa chumba, si hedifoni.

## Hatua ya 3: Safisha chanzo

Zima kila kitu kinachopamba sauti kwenye simu na kompyuta: Dolby Atmos, sauti ya pande zote, kiongeza besi. Kwenye hedifoni nzuri mapambo hayo huharibu mpangilio wa vyombo.

Kisha chunguza faili. Wimbo uliotolewa kwenye video ukageuzwa kuwa FLAC haurudishi kilichokwisha kupotea. Programu ya bure ya Spek huonyesha picha ya masafa. Wimbo uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa kawaida hukatika wima karibu na kilohezi 16, yaani hezi 16,000, kana kwamba umefyekwa. Hezi ni kipimo cha masafa: ndogo ni besi, kubwa ni sauti kali. Kwa kulinganisha, sauti ya CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata kodeki (mbinu ya kubana sauti) ya LDAC kwenye Bluetooth huishia 990.

Sasa jambo ambalo mpenzi wa muziki wetu lazima alijue. Rekodi za muziki wa dansi za Radio Tanzania Dar es Salaam zilinaswa kwenye tepu, na nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zimepitia kaseti. Hedifoni nzuri itakusikilizisha mchakacho wa tepu, mahali mwimbaji alipousogelea mno maikrofoni, na pengine kaseti ikiyumba mwendo. Huo si ubovu, ni rekodi ilivyo. Nazipenda rekodi hizo na nazisikiliza kwa hedifoni zilezile, ila usizitumie kuamua kama hedifoni ina sauti kali za kutosha, kwa sababu hazina sauti kali za kuonyesha.

Umefanikiwa ukiona: nyimbo zilizorekodiwa vizuri na zile mbovu sasa zinatofautiana waziwazi. Pengo hilo likipanuka, hedifoni inafanya kazi yake.

## Hatua ya 4: Weka kiasi cha sauti, kisha kiache

Hedifoni zisizochafua sauti hazikupi onyo. Spika ya bei rahisi hukwaruza inapozidiwa, nawe ukapunguza. Hizi hubaki safi mpaka kwenye kiwango cha kudhuru.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 90 unabaki na takriban saa 4 kwa wiki nzima. Masikio yakivuma au ukisikia kama umewekewa pamba baada ya kusikiliza, ulizidisha. Pumzika siku hiyo.

Kiasi kina sababu nyingine. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio hupoteza besi sauti inapokuwa ndogo. Ukisikiliza hedifoni moja chini na nyingine juu, ya juu itaonekana bora kwa besi na kwa uwazi, hata kama ni mbovu. Chagua kiwango kimoja cha starehe, andika namba yake kwenye daftari, na urudi hapohapo kila siku.

Umefanikiwa ukiona: ukivua hedifoni, sauti za chumbani unazisikia kama kawaida, papo hapo.

## Hatua ya 5: Wiki mbili bila kulinganisha

Weka za zamani kabatini. Sikiliza mpya tu, kila siku kama saa moja, kwa muziki wa kawaida. Usiguse ikwalaiza (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha besi na sauti kali), usisome maoni ya watu kuhusu kifaa chako.

Sababu ni kwamba ubongo umezoea besi iliyopandishwa na unaichukulia kama hali ya kawaida. Chochote chenye usawa kitasikika chembamba mpaka kipimo hicho kijirekebishe. Siku za kwanza huwa za kukatisha tamaa, na watu wengi hurudisha hedifoni hapo hapo. Mimi nawasihi wangoje.

Utaambiwa kwamba hedifoni lazima zichezeshwe mamia ya saa usiku na mchana ili zifunguke. Usijisumbue. Kinachobadilika kweli ni mito, ambayo hulainika na kulisogeza sikio karibu na utando, na ubongo wako. Ubongo hauzoei wakati hedifoni zinajichezesha mezani.

Wiki mbili zikiisha, toa zile za zamani na usikilize wimbo mmoja kwa kiasi kilekile.

Umefanikiwa ukiona: za zamani zinasikika kama zimefunikwa blanketi, au besi yake inamziba mwimbaji. Ikiwa bado unazipendelea za zamani, usijilazimishe. Nenda hatua ya 7 ujue unachokikosa ni nini hasa.

## Hatua ya 6: Lifundishe sikio

Vifaa vikishakaa sawa, kinachobaki ni usikivu, na usikivu hujengwa kwa mazoezi. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na huwa nasikitika watu wakiiruka wakakimbilia kununua kifaa kingine.

Zoezi la kwanza: fuata chombo kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Chukua rumba ya Kongo inayoingia sebene. Mara ya kwanza fuata gitaa la solo tu. Mara ya pili fuata mi-solo, lile gitaa la kati linalofunga pengo kati ya solo na rizimu. Mara ya tatu besi. Kwenye hedifoni za kawaida mi-solo humezwa. Hapa unapaswa kuweza kulishika na kutembea nalo, ukajua liko upande gani.

Chukua pia taarabu ya okestra ya Unguja. Ganuni ina mwanzo mkali wa kila uzi na mkia mrefu unaofifia. Sikiliza mkia huo unaishia wapi. Fidla zikipiga pamoja, jaribu kusikia kwamba ni watu kadhaa na si sauti moja nene. Dumbaki ina mlio wa katikati ya ngozi na mlio wa ukingoni, vitenganishe. Kodiani huingia kwa pumzi ya viriba kabla ya noti, na rekodi nzuri huinasa pumzi hiyo.

Zoezi la pili: jifunze majina ya masafa kwa kuyasikia. Fungua ikwalaiza, pandisha kitelezi kimoja kwa desibeli 6, sikiliza nusu dakika, kirudishe sifuri. Hezi 60 ni uzito wa ngoma ya chini. Hezi 250 ni mwili wa sauti ya mwanamume, na ikizidi huleta ukungu. Karibu na hezi 1,000 sauti huanza kuwa ya puani, kama redio ndogo. Hezi 3,000 humsogeza mwimbaji mbele yako. Kati ya 6,000 na 8,000 ndipo "s" na "sh" huchoma. Juu ya 10,000 ni wepesi na hewa.

Ukishayazoea, mpe mtu simu apandishe kitelezi bila kukuonyesha, nawe utaje. Mwanzoni utakosea sana kati ya 250 na 1,000. Ni kawaida kwa kila mtu.

Umefanikiwa ukiona: badala ya kusema "sauti si nzuri" unasema "besi ya kati imejaa" au "s zinachoma". Ukifika hapo unaweza kununua kwa akili.

## Hatua ya 7: Rekebisha kwa ikwalaiza

Wapo wanaoona ikwalaiza ni kuiharibu hedifoni. Sikubaliani nao. Tafiti zilizoongozwa na Sean Olive katika kampuni ya Harman zimeonyesha kwamba wasikilizaji wengi hupenda besi iliyopandishwa kiasi kuliko usawa mkavu. Hamu yako ya besi ni ya kawaida kabisa.

Kwenye Windows tumia Equalizer APO, ni ya bure. Kwenye Android iko Wavelet, yenye marekebisho tayari kwa maelfu ya hedifoni. Tafuta jina la yako. Ukipendelea mkono wako, kwa HD 600 anza na desibeli 3 hadi 5 chini ya hezi 100.

Onyo: ukipandisha chochote, shusha kiwango cha jumla kwa desibeli zilezile ulizoongeza. Usipofanya hivyo mawimbi yatakatwa vichwa na sauti itakwaruza.

Umefanikiwa ukiona: besi imerudi na mwimbaji hajasogea nyuma.

## Hatua ya 8: Kabla ya kununua kifaa kingine

Kufikia hapa mkono utawasha. Utataka amplifaya mpya, kigeuzi kipya, faili kubwa zaidi. Jifunge macho kwanza.

Kwa faili, programu ya foobar2000 ina nyongeza ya ABX inayokuchezeshea bila kukuambia ni ipi. Linganisha FLAC na nakala yake ya kilobiti 320, mara 16. Ukipata 12 sahihi au zaidi, kuna uwezekano mkubwa unasikia kweli, kwa kuwa anayebahatisha hufika hapo chini ya mara 4 katika kila 100. Wengi hawafiki, na wakishajua hivyo huacha kuhangaika na faili wakarudi kwenye muziki.

Kwa amplifaya mbili, sawazisha kwanza volti zake kwa multimita ukicheza toni moja, tofauti isizidi asilimia 1 au 2. Mwombe mtu abadilishe waya bila wewe kuona. Tofauti ikitoweka macho yakifungwa, pesa yako iendee mito mipya, kwa sababu mito iliyolala hubadilisha sauti kwa kiasi ambacho kila mtu hukisikia.

## Utunzaji na dalili za ubovu wa kweli

Wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: unyevu na jasho la chumvi ndio maadui. Futa mito kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, hifadhi kwenye boksi lenye silika jeli (vile vifuko vya kunyonya unyevu), usiache juu ya meza karibu na dirisha. Ngozi bandia huanza kumenyuka mapema kuliko kitambaa cha mahameli.

Cheza toni inayopanda polepole kutoka hezi 20 mpaka 20,000 kwa sauti ndogo. Mtikisiko au mkwaruzo upande mmoja mara nyingi ni unywele ulioingia na kugusa utando. Toa mto uutazame, bila kugusa utando wenyewe. Usipoisha, tumia dhamana.

Upande mmoja ukiwa mdogo, geuza hedifoni, kushoto kuwe kulia. Udogo ukihama sikio, kasoro iko kwenye waya, amplifaya au hedifoni. Badilisha waya kwanza. Ukibaki kwenye sikio lilelile, nenda kliniki ya masikio. Mara nyingi ni nta tu, na huondolewa kwa muda mfupi. Usiitoe kwa pamba ya kijiti, huisukuma ndani.